Boga la tani moja huanza na mkasi

Nilipokuwa mdogo tulikatazwa kulinyooshea boga changa kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzio, ulikunja ngumi au ulielekeza kwa kidevu, la sivyo boga lingeoza. Na kweli, kila msimu yalikuwepo yaliyooza. Kiboga cha ukubwa wa ndimu kinageuka njano, kinalainika kitakoni, kinadondoka, na lawama zinamwangukia mtoto fulani mwenye kidole. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba vile viboga, au vingi vyake, vilikosa chavua tu. Nyuki hakupita asubuhi ile.

Wapo watu ambao kiangazi chao chote huzunguka asubuhi hiyo moja. Ni wakulima wa maboga ya mashindano huko Marekani, Kanada na Ulaya. Oktoba 9, 2023, Travis Gienger wa Minnesota alipandisha kwenye mizani ya Half Moon Bay, California, boga la ratili 2,749, karibu kilo 1,247. Oktoba 2025, ndugu pacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakalipiku kwa boga la kilo 1,278.8. Toyota Vitz tupu haifiki hapo.

Mtu akisikia uzito huo, swali lake la kwanza ni: walitia mbolea gani? Swali si baya. Samadi ipo, mboji ipo, na maji humwagwa mamia ya lita kwa siku. Mbegu nayo si ile inayoota yenyewe jalalani. Maboga ya mashindano ya leo yanatokana na ukoo wa Atlantic Giant, uliotengenezwa kwa miaka mingi na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, ambaye mwaka 1981 alivunja rekodi kwa boga la kilo 224 hivi. Lakini chukua mbegu hiyo hiyo na samadi hiyo hiyo, uuache mmea utambae unavyotaka, kama tunavyoiacha ya kwetu ipande ua na kuingia kwa jirani. Utavuna maboga kadhaa ya heshima, na msitu wa majani. Tani hutaiona. Kati ya mbegu na tani kuna kazi ya kukata, kuzuia na kukataa, na ndiyo hiyo ninayotaka kuifungua hapa.

Wapishi na walaji

Mmea wa boga ni sinia moja lenye walaji wengi. Jani lililokomaa hupika: linachukua mwanga, maji na hewa, linatoa sukari. Sukari hiyo husafiri kwenye mirija myembamba ndani ya shina hadi kwa wanaoihitaji, nao ni mizizi, maua, ncha zinazorefuka na maboga. Hakuna anayegawa kwa haki. Anayevuta kwa nguvu zaidi ndiye anayekula zaidi.

Fundo la jambo zima ni hili: ncha changa ya tawi ni mlaji leo, lakini ni mpishi wa kesho. Jani dogo linalofunguka halijitoshelezi. Hulishwa na majani makubwa mpaka lifikie karibu nusu ya ukubwa wake, ndipo linaanza kurudisha. Kwa hiyo kila tawi unaloliacha ni mkopo. Tawi linaloota mapema litalipa mkopo huo na faida juu, kwa sababu majani yake yatakuwa yamekomaa boga likianza kunenepa. Tawi linaloota Agosti, mizani ikiwa Oktoba, halitalipa kamwe. Litakula tu.

Ukishalishika hilo, sheria zote za kupogoa maboga zinaacha kuonekana kama ushirikina wa wazee wa mashindano. Zinakuwa hesabu.

Mpangilio wao uko hivi. Mmea hupewa eneo lake peke yake, kati ya mita za mraba 50 na 90, yaani kiwanja kidogo cha kujenga banda. Shina kuu huelekezwa upande mmoja tu, likinyooka kuanzia shinani. Wazoefu hulipanga hata hilo siku ya kuhamisha mche: kwa kawaida shina kuu hukimbilia upande ulio kinyume na jani la kwanza la kweli, basi jani hilo wanaligeuzia ukutani na shina linaelekea shambani lenyewe.

Kila kifundo cha shina kuu kina jani, uzi wa kujishikiza, tumba la ua na jicho la tawi. Majicho hayo yakiota tunapata matawi ya kando, moja kushoto, moja kulia. Haya huachwa, nayo hulazwa yakitoka mraba na shina kuu kama miiba ya samaki. Yaliyo karibu na shinani ni marefu kuliko yale ya mbele kwa kuwa yalianza kwanza, kwa hiyo ukipanda juu ya ngazi ukautazama mmea mzima unaona pembetatu. Wenyewe huliita umbo hilo mti wa Krismasi. Tawi la kando likifika mita tatu au nne na nusu, ncha yake hukatwa na kufukiwa udongoni. Shina la boga lina uwazi ndani kama bomba, na kidonda kilichoachwa wazi hukusanya maji na kuoza.

Kisha wanakuja wajukuu, yaani vitawi vinavyoota kwenye matawi ya kando. Hawa hawaachwi. Huvunjwa kwa vidole vikiwa bado vya urefu wa kidole, kila siku mbili tatu, bila huruma. Mtu asiyejua anaona kama ni uharibifu, kwa kuwa majani zaidi si sukari zaidi? Si lazima. Eneo ni lile lile na jua ni lile lile. Wajukuu hufunika majani ya matawi yaliyokwisha kulipa mkopo, hewa inakwama, na ule ukungu mweupe kama unga unapata nyumba. Unakuwa umeongeza walaji bila kuongeza wapishi.

Wanaochuma msusa, au seveve kama wanavyoiita magharibi mwa Kenya, wanaifahamu kazi hii kuliko wanavyodhani. Mkono unaovunja ncha laini za kupika na karanga ni mkono unaopogoa. Tofauti ni lengo. Mchuma mboga anataka mmea utoe machipukizi zaidi, na hakika unatoa. Ukikata ncha, majicho ya nyuma yanaamka. Mkulima wa boga kubwa anakata ncha ile ile, halafu anarudi kesho kuyafinya majicho yaliyoamka.

Jambo moja bado lina ubishi. Wapo wanaokata kila ncha mmea ukishajaza eneo lake, na wapo wanaoacha ncha moja au mbili zikiendelea kukua hadi mwisho wa msimu, wakisema ni kama mlango wa dharura. Mvua kubwa ikinyesha, nguvu zote zisikimbilie ndani ya boga likapasuka. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, kwa sababu gharama ya ncha mbili ni ndogo, na gharama ya ufa ni msimu mzima.

Kufukia vifundo nako kuna maana yake. Kila kifundo kikipata udongo wenye unyevu huotesha mizizi, hivyo mmea wa boga unaoonekana kama una shina moja unakuwa unakunywa mahali pengi. Tena umeshikizwa. Upepo ukiingia chini ya majani mapana kama sahani za biriani, shina lisilofukiwa linabingirishwa kama mkeka. Ili wasiikanyage mizizi hiyo, wakulima hutembea juu ya mbao zilizolazwa shambani.

Asubuhi ya ua jike

Maua ya kwanza kutokea ni madume matupu. Majike hufuata siku kadhaa baadaye, na huwezi kukosea kuyatofautisha, maana ua jike huja limekalia kiboga chake tayari, na ua dume linasimama kwenye kikonyo chembamba kirefu. Watu wengi huona kile kiboga wakadhani boga limeshashika. Halijashika. Ni ahadi tu.

Ndani ya ua dume kuna kitu kama mchi mdogo uliopakwa unga wa njano. Huo unga ndio chavua. Ndani ya ua jike kuna vipande vinene vilivyobanana, vitatu, vinne, mara nyingine vitano au sita. Chavua ikigusa hapo huota, inashusha vijimirija hadi kwenye mbegu changa, mbegu zinarutubishwa, na zikisharutubishwa hutoa homoni zinazopiga kelele kwa mmea mzima: leteni sukari huku. Mbegu ndizo zinazovuta. Mbegu zikirutubishwa chache, kelele ni ndogo, na mmea wenye busara zake hulitupa boga hilo ndani ya siku chache. Likisalia, huwa limepinda upande usio na mbegu. Hapo ndipo kidole cha utotoni mwangu kilipopata kesi isiyo yake.

Ua jike hufunguka mara moja tu maishani, alfajiri, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi limeshajikunja. Mkulima wa mashindano hamwachii nyuki kazi hiyo. Jioni ya kuamkia siku hiyo, akiona petali zimegeuka rangi ya chungwa na ncha zimeanza kulegea, hulifunga ua jike kwa uzi laini au kibanio, na maua dume machache vilevile. Hataki mdudu afike kabla yake, kwa kuwa anataka kumjua baba. Alfajiri anachuma ua dume, anang'oa petali zote ubaki mchi mtupu, anafungua ua jike, anapaka. Anapaka taratibu, kipande kwa kipande, kwa maua dume mawili au matatu, mpaka kila pembe imekuwa ya njano. Kisha analifunga tena.

Baadhi yao huhesabu vile vipande na kuamini kwamba vitano hutoa boga kubwa kuliko vinne. Mimi ningehangaika zaidi kuhakikisha vyote vimeguswa.

Adui mkubwa wa asubuhi hiyo ni joto. Hewa ikipita nyuzi 32 chavua hupoteza nguvu haraka na viboga huanguka hovyo. Kwa hiyo utamkuta mtu mzima, mwenye familia na kazi ya ofisini, amechomeka mwavuli shambani na kuzungusha chupa za maji ya barafu kuzunguka ua. Mawingu ya siku nyingi nayo yana madhara, kwa maana wapishi hawapiki. Na boga jingine lililotangulia kushika kwenye mmea huohuo huwa linavuta mpaka wadogo zake wanakatwa riziki.

Kuna dhana moja ya kuisahihisha hapa. Wengi huamini kwamba chavua ya boga kubwa italifanya boga la mwaka huu liwe kubwa. Hapana. Nyama na ganda la boga ni mwili wa mama mtupu. Baba yumo ndani ya mbegu, na urithi wake utaonekana mwaka ujao, mbegu hizo zikipandwa.

Wapi, na lini

Sasa ugumu wenyewe. Ua jike la kwanza kwenye shina kuu laweza kufunguka likiwa mita moja na nusu tu kutoka shinani, mmea ukiwa na majani ishirini. Ukilishikisha, utalipatia boga siku nyingi za kukua, lakini jikoni wapishi ni wachache, na boga litaanza kunyang'anya sukari iliyotakiwa kujenga matawi. Ukingoja ua lililo mita saba mbele, jiko limejaa lakini siku zimekwisha. Mizani ni Oktoba mapema, na boga linahitaji siku 80 hadi 100. Ndiyo maana wengi hulenga ua lililo kati ya mita tatu na tano kutoka shinani, lifunguke kati ya mwisho wa Juni na siku kumi za kwanza za Julai.

Kuchelewa kuna bei inayopimika. Gawanya kilo 1,247 kwa siku 100 upate kilo 12 na nusu kwa siku, na huo ni wastani tu. Mwezi wa kwanza ukikaribia kwisha, boga zuri huongeza kilo 20 na zaidi kila siku. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha maboga haya na ndugu zake wadogo ulikuta kwamba sukari haikimbii kwa kasi zaidi ndani ya mmea mkubwa. Ila mirija ya kuipitisha ni mingi zaidi. Njia imepanuliwa, mwendo ni ule ule. Hivyo huwezi kufidia wiki iliyopotea kwa kuharakisha.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, lakini mwanzoni wakulima hawa hushika mbili au tatu kwa makusudi. Hushikisha maua mawili matatu, huyapima kila siku kwa futi kamba ya fundi cherehani, huandika. Wiki tatu hivi zikipita, linaloongeza inchi nyingi zaidi hubaki, mengine hukatwa yakiwa makubwa kama mpira au hata zaidi. Linahitaji moyo. Boga unalolitupa lingelisha familia wiki nzima.

Ila kasi peke yake haitoshi kuchagua. Tazama na mkao. Kiboga huzaliwa kimelalia shina kuu, kikonyo chake kikifanya pembe nyembamba kama mkasi uliofungwa nusu. Kikiwa kama chungwa haidhuru. Kikifika kilo mia mbili, bega lake linalisukuma shina, shina limeshikwa na mizizi ya vifundo, na kinachokubali kushindwa ni kikonyo. Kinachanika, na hadithi imekwisha mwezi Agosti.

Dawa yake huanza kabla ya boga kuwepo. Mkulima anapokisia ua litafunguka kifundo gani, hulipinda shina kuu polepole ili ua liwe upande wa nje wa pindo, kama kiwiko. Boga likishashika, kila siku au kila baada ya siku moja hulisogeza nyuzi chache, kwa siku saba hadi kumi, mpaka kikonyo na shina vifanye pembe mraba. Kazi hiyo hufanywa alasiri, jua likiwa limelilegeza shina. Asubuhi shina limejaa maji, lavunjika kama karoti. Tena mizizi ya vifundo vilivyo jirani na boga, nusu mita hadi karibu mita kila upande, hukatwa yote, pamoja na tawi la kando lililo karibu. Ndiyo, ile mizizi tuliyoihangaikia. Boga linapopanda juu linalibeba shina, na shina lenye uhuru hunyanyuka nalo badala ya kung'ang'ana.

Chini ya boga hutandikwa mchanga au kitambaa kigumu kisichooza, ili liteleze linapotanuka na kitako kisikae kwenye tope. Juu yake shuka, maana jua kali huligandisha ganda, na ganda gumu lisilotanuka hupasuka. Ufa wa juu juu husameheka. Ufa unaoingia hadi uwazi wa ndani hulitoa boga mashindanoni hata likiwa zito kuliko yote.

Baada ya mizani boga hupasuliwa na mbegu hupewa jina: uzito kwa ratili, jina la mkulima, na mwaka. Boga la Ron Wallace, la kwanza duniani kupita ratili 2,000, lililopimwa mwaka 2012 huko Topsfield, Massachusetts, liliacha mbegu zinazojulikana kama 2009 Wallace, na hiyo 2009 ni uzito. Kando ya jina la mama huandikwa jina la baba, yaani mmea uliotoa ua dume asubuhi ile ya kiangazi. Ndiyo sababu mkulima, akishalifunga lile ua jike na vidole vikiwa bado vya njano, huchomeka kijiti pembeni yake na kuandika tarehe na jina la dume kabla hajaenda kunywa chai.